Mzazi anapozama katika madeni: Bunge lilifungua mlango, lakini mdhamini alibaki nje

Simu inaanza kulia saa kumi na mbili asubuhi, uji haujachemka. Namba ngeni. Mama anaitazama, anaizima mlio na kuilaza kifudifudi mezani watoto wasije wakaichukua. Mumewe hajui kwamba karo ya muhula wa kwanza ilitoka kwenye programu tatu za mikopo ya simu. Hajui pia kwamba mkopo wa nne ulichukuliwa kwa shailoki wa mtaani ili kulipa ile mitatu.

Chukulia hesabu za mama wa aina hii ziko hivi: programu za simu zinamdai Sh38,000, shailoki Sh60,000, shule Sh42,000 na chama cha akiba na mikopo Sh180,000. Jumla ni Sh320,000. Kibanda chake cha mboga kilifungwa. Hana shamba wala gari. Wanaomdai wanamwambia atafungwa, naye anaamini.

Familia nyingi katika hali hii hufikiri kuna njia mbili tu, kulipa au kutoroka. Kumbe sheria ya kuwaokoa watu wa kawaida wenye madeni imo vitabuni tangu mwaka 2015, Bunge lilipopitisha Sheria ya Ufilisi na kuifuta ile ya zamani iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni. Mswada huo uliandamana na ule wa kampuni, na yote miwili ikatiwa saini Septemba mwaka huo. Shabaha iliyotangazwa ilikuwa kurahisisha biashara nchini. Hata jina la sheria yenyewe wengi walilisikia mwaka 2018, maduka ya Nakumatt yalipowekwa chini ya msimamizi. Sehemu zinazomhusu mama wa kibanda zilipita kimya kimya, kama abiria aliyepanda basi la wenyewe.

Wabunge, kwa njia, wana sababu yao ya kuifahamu sheria hii. Kifungu cha 99 cha Katiba kinamzuia mtu aliyetangazwa na mahakama kuwa amefilisika, na ambaye bado hajaondolewa hali hiyo, kugombea ubunge.

Kutangazwa mufilisi ndiyo njia nzito. Mali ya mdaiwa huwekwa mikononi mwa msimamizi, huuzwa na wadai kugawana, na kwa kawaida mtu hukaa miaka 3 kabla ya kuachiliwa. Lakini sheria ina njia nyepesi. Mtu mwenye kipato kidogo anaweza kuomba amri ya kulipa kwa mafungu, na wadai hawaruhusiwi kumwandama wakati amri hiyo inaendelea. Anaweza pia kukaa na wadai wake na kupatana nao rasmi, makubaliano yakasimamiwa na mtaalamu.

Halafu kuna njia ya mtu asiye na kitu kabisa. Hii ni kwa mwenye madeni yasiyopungua Sh100,000 na yasiyozidi Sh400,000, asiye na mali ya kuuzwa wala uwezo wa kulipa chochote. Hapeleki kesi mahakamani. Anajaza maombi kwa Mpokezi Rasmi, ofisa wa serikali anayesimamia mambo ya ufilisi chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara. Akikubaliwa, wadai wanazuiwa kumfuata. Baada ya miezi 12, madeni yaliyoingizwa humo yanafutwa pamoja na riba na faini zake.

Si tiketi ya bure. Mtu anaruhusiwa kuitumia mara moja tu maishani. Aliyeficha mali hukataliwa, na vivyo hivyo aliyekopa huku akijua hatalipa. Deni lililopatikana kwa ulaghai halifutiki. Wala baba aliyeamriwa na mahakama kutunza watoto wake hawezi kujificha humo akwepe matunzo.

Masharti hayo ndiyo jibu la hofu inayozuka katika kila bunge linalojadili kusamehe madeni: kwamba watu watakopa leo na kufilisika kesho kwa makusudi, na wakopeshaji watapandisha riba au wakatae kukopesha maskini. Ni hofu ya haki. Upande wa pili una hoja iliyo karibu zaidi na jikoni: anayedai mtu asiye na kitu hapati kitu kwa kumtesa, na mzazi anayejificha hawezi hata kufungua tena kibanda chake akaanza kulipa wengine.

Swali la jela nalo halijaisha. Mwaka 2010 Jaji Martha Koome, ambaye baadaye alikuja kuwa Jaji Mkuu, aliamua katika kesi ya ufilisi kwamba kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kulipa deni la mkataba ni kinyume cha mkataba wa kimataifa ambao Kenya imeukubali. Majaji wengine baadaye hawakwenda mbali hivyo, na kifungo cha madai kingalimo katika sheria. Lakini shailoki hamfungi mtu kwa simu. Lazima aende kortini, apate hukumu, na mahakama iridhike kwamba mdaiwa anakusudia kutoroka au ana uwezo ila anakataa kulipa. Asiye nacho hayuko hapo.

Hata madalali wana mipaka. Sheria inayoongoza kesi za madai inawakataza kuchukua nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na familia yake, pamoja na zana za kazi yake. Televisheni na makochi hayamo katika orodha hiyo. Sufuria na godoro la mtoto yamo.

Basi kwa nini mlango huu haupitiki kwa wengi?

Sababu moja ni kiwango. Sh400,000 za mwaka 2015 si Sh400,000 za leo, bei ya unga na karo vikiwa vimepanda vilivyopanda. Huko England na Wales, mpango unaofanana na huu ulianza mwaka 2009 kwa madeni yasiyozidi pauni 15,000. Kiwango kimeongezwa mara tatu, na tangu 2024 ni pauni 50,000. Hapa, Bunge lilipoirekebisha sheria hii mwaka 2021, waliopewa muda wa kupumua mbele ya wadai wao ni kampuni.

Sababu kubwa zaidi ni mdhamini. Deni la Mkenya wa kawaida mara nyingi si jambo kati yake na benki peke yao. Zile Sh180,000 za mama yule zimedhaminiwa na wenzake watatu, pengine mwalimu mwenzake wa shule ya Jumapili, jirani wa mlango wa pili, na dada ya mumewe. Sheria humwondolea deni mdaiwa. Haimwondolei mdhamini. Siku mama anapokubaliwa katika mpango, chama cha mikopo kinageukia akiba za hao watatu. Mtu anaweza kuwa huru mbele ya sheria na asiweze kuinua uso kanisani.

Hapa ndipo sheria iliyoandikwa kwa kumfikiria mkopeshaji na mkopaji pekee inapowashinda watu. Wazazi wengi, wakiambiwa jambo hili, huona heri waendelee kukimbizana na simu kuliko kumtwika jirani mzigo.

Ndani ya nyumba mambo hayako wazi sana pia. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inasema deni lililochukuliwa kwa faida ya ndoa wakati wa ndoa ni la wote wawili, nusu kwa nusu. Karo ya watoto ni vigumu kuiita kitu kingine. Kwa hivyo mume asiyejua habari za programu zile tatu huenda tayari ana sehemu yake katika deni hilo. Sheria hiyo hiyo inakataza nyumba ya familia kuwekwa rehani bila idhini ya wote wawili.

Maombi kwa Mpokezi Rasmi yanataka kila deni litajwe, na kila mali pia, hata ndogo. Anayeacha kitu nje kwa makusudi anaweza kutolewa katika mpango. Jioni moja, watoto wakiwa wamelala, mama itabidi aketi na kuandika majina na kiasi, mmoja baada ya mwingine: programu ya kwanza, ya pili, ya tatu, shailoki, shule, chama. Na mumewe atauliza karatasi hiyo ni ya nini.