Saa ya Ugonjwa Haisimami kwa Kafyu

Majengo ya Meru na Majengo ya Embu ni mitaa ndugu. Kila mmoja umo ndani ya mji wenye hospitali kubwa ya kaunti, na wakazi wake wengi huishi kwa kipato cha siku: mama mboga, fundi, mwendesha bodaboda, mfanyakazi wa kibarua. Kwa ramani, hawa ndio watu wa mwisho ambao ungedhani watakosa matibabu nchi ikifungwa, kwa kuwa hospitali iko pua na mdomo. Ndiyo maana mitaa hii inafaa kupimia swali ambalo janga la Covid-19 lilituachia bila jibu zuri: serikali inapofunga nchi, ni huduma gani za afya ziendelee na zipi zisimame? Jibu lililozoeleka ni kugawa huduma mafungu mawili, za dharura na zinazoweza kusubiri. Nadhani mgawanyo huo una kasoro kutoka mwanzo. Karibu kila ugonjwa unaweza kusubiri. Kinachotofautiana ni muda. Swali la haki ni hili: unaweza kusubiri hadi lini, na ni nani anayeitazama saa?

Tukumbuke jinsi mambo yalivyokwenda. Mnamo Machi 13, 2020, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 nchini Kenya. Shule zilifungwa siku chache baadaye. Machi 27 ikaanza kafyu, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na Aprili 6 ikawa marufuku kuingia wala kutoka Nairobi na viunga vyake. Hospitali hazikufungwa. Wahudumu wa afya waliorodheshwa miongoni mwa wanaoruhusiwa kutembea usiku, na Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa mwongozo mwezi huo wa Machi likitaka nchi zilinde chanjo, uzazi, dawa za magonjwa ya kudumu, matibabu ya dharura, maabara na benki za damu. Wakati huohuo hospitali nyingi ziliahirisha upasuaji usio wa haraka na kupunguza kliniki za kawaida, kama ilivyofanyika kote duniani. Kwenye karatasi, basi, kila kilicho muhimu kiliendelea.

Tuanze na uzazi, maana huko saa hukimbia kuliko kwingine kote. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili asipotibiwa. Kafyu ilikuwa ya saa kumi. Daktari na muuguzi waliruhusiwa kuwa zamu usiku huo, lakini mwanamke wa Majengo hafikishwi hospitalini na daktari. Anafikishwa na mwendesha bodaboda au jirani mwenye gari. Kisheria mgonjwa mahututi alikuwa na haki ya kupita. Lakini haki hiyo ilibidi ielezwe kwa afisa mwenye bunduki, gizani, katika majira ambayo mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi na polisi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao huko Kiamaiko, Nairobi, siku chache tu baada ya kafyu kuanza. Mwendesha pikipiki aliyesikia habari hiyo hakuhitaji kusoma sheria ili aamue kulala. Jijini Nairobi, Dkt. Jemimah Kariuki, aliyekuwa akifanya kazi katika wodi za uzazi za Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, aliliona pengo hilo, na kufikia Aprili 2020 akawa ameanzisha pamoja na wenzake mpango wa Wheels for Life, uliowapa wajawazito usafiri wa bure usiku. Mpango huo ulikuwa mzuri sana. Ulikuwa pia ushahidi kwamba amri iliyolinda wodi ilisahau njia ya kuifikia.

Huduma nyingine zina saa ya siku, ya wiki au ya miezi. Mgonjwa wa figo husafishwa damu mara mbili au tatu kwa wiki, kila mara takriban saa nne. Akikosa wiki nzima, maisha yake yamo hatarini. Hakuna aliyebisha kuhusu huyo, na ni sawa. Wanaoumia kimyakimya ni wale ambao saa yao inakwenda polepole. Chukua mtoto aliyezaliwa siku kafyu ilipoanza, Machi 27, 2020. Ratiba ya chanjo ya Kenya inamtaka arudi kliniki akiwa na wiki 6, 10 na 14. Hesabu tarehe: Mei 8, Juni 5, Julai 3. Zote tatu zimeangukia ndani ya miezi ile mitatu ya masharti makali, wakati mama alikuwa akiambiwa na redio kila asubuhi abaki nyumbani. Chanjo yake ya kwanza ya surua, ya miezi tisa, ilikuwa Desemba 27, na wauguzi na maafisa wa kliniki walikuwa wamegoma tangu Desemba 7 katika kaunti nyingi, wakidai vifaa vya kujikinga na bima. Kila ahirisho moja lilikuwa dogo, la wiki mbili hivi, lenye sababu ya kueleweka. Ukiyaunganisha unapata mtoto wa mwaka mmoja asiye na kinga.

Haya si ya kubuni tu. Majirani zetu wa mashariki mwa Kongo walikuwa wamepitia jambo la namna hii muda mfupi kabla. Ebola iliyozuka Kivu Kaskazini na Ituri mwaka 2018 iliua karibu watu 2,300 hadi ilipokwisha 2020. Katika nchi hiyohiyo, surua iliyoanza kuenea 2019 iliua zaidi ya watu 6,000, wengi wao watoto, na dunia haikugeuza shingo. Afrika Magharibi nako, watafiti walikadiria kwamba kama huduma zilipungua kwa nusu wakati wa Ebola ya 2014 na 2015, basi malaria, Ukimwi na kifua kikuu viliua watu 10,600 zaidi katika Guinea, Liberia na Sierra Leone. Ebola yenyewe iliua takriban 11,300.

Saratani inastahili kuzungumziwa peke yake, kwa sababu huku kwetu ni jeraha la zamani. Mwaka 2020, kwa mtu wa Meru au Embu, mashine ya mionzi ya hospitali ya umma ilikuwa Nairobi. Mionzi haitolewi mara moja. Mgonjwa huipata siku tano kwa wiki kwa wiki kadhaa, na kwa saratani ya mlango wa kizazi wataalamu wanataka tiba yote ikamilike ndani ya siku 56, kwani kila siku ya ziada hupunguza matumaini ya kupona. Mpaka wa Nairobi iliyofungwa uliwekwa kwenye daraja la Mto Chania, Thika, na hapo ndipo barabara ya kutoka Meru na Embu inapopita. Marufuku ilidumu hadi Julai 6: siku 91. Mgonjwa mwenye barua ya rufaa angeweza kuomba kibali, naam. Lakini lazima kwanza ajue kinaombwa wapi, apate gari baada ya matatu za masafa marefu kusimama, na awe na nauli katika msimu ambao safari za ndege za miraa yetu kwenda Somalia zilikuwa zimekatika na pesa zimepungua katika eneo lote. Tiba iliendelea Nairobi. Kwa mgonjwa wa ng'ambo ya Chania, ilisimama.

Kuna kiungo kimoja ambacho hata waandishi wa orodha za dharura hukisahau, nacho ni damu. Kenya ina vituo sita vya kanda vya utoaji damu, na kimoja kiko Embu. Kwa miaka mingi wachangiaji wetu wakubwa wamekuwa wanafunzi wa sekondari, wanaochangia gari la damu linapozuru shule. Shule zilipofungwa katikati ya Machi, mkondo huo ulikauka kwa amri moja, na akiba ilikuwa tayari imedhoofika baada ya ufadhili wa Marekani kwa huduma hiyo kukatika mwaka 2019. Hadi Oktoba 12, 2020 hakuna darasa lililorudi. Mwanamke yule anayevuja damu, hata akipata bodaboda jasiri, atafikishwa kwenye wodi iliyo wazi, yenye daktari aliye macho, na friji isiyo na chupa ya kundi lake. Waliofunga shule walikuwa na sababu nzito. Ila hakuna aliyekuwa na kazi ya kusema: tukifunga hapa, kule damu itakwisha, tuikusanye wapi?

Nitaambiwa kwamba hospitali zenyewe zingekuwa viwanda vya maambukizi, na kwamba barakoa na mavazi ya kinga hayakutosha. Hoja hii ni ya kweli na siipuuzi. Dkt. Stephen Mogusu alifariki kwa Covid-19 Desemba 2020 akiwa na umri wa miaka 28 tu, baada ya kuhudumu kwa miezi bila mshahara. Wahudumu hawawezi kuombwa kubeba kila mzigo. Lakini hoja hiyo inataka tupunguze msongamano, haitaki tukatize tiba, na hayo ni mambo mawili tofauti. Walio kwenye dawa za kupunguza makali ya Ukimwi walipewa dozi za miezi mitatu kwa mkupuo. Safari ya kliniki ilisimama, tiba ikaendelea. Angalia kifua kikuu, ambapo ubunifu kama huo ulichelewa na mtu mwenye kikohozi aliogopa kupelekwa karantini: wagonjwa waliosajiliwa nchini walishuka kutoka zaidi ya 86,000 mwaka 2019 hadi takriban 73,000 mwaka 2020. Vijidudu havikupungua. Maelfu ya watu walibaki nyumbani wakikohoa, katika vyumba vya kupanga ambamo watu watano hulala pamoja.

Wengine watasema takwimu za uzazi hazikuonyesha maafa. Ni kweli pia: uchambuzi uliolinganisha Machi hadi Juni 2020 na miezi ileile ya 2019 ulikuta kwamba kujifungulia hospitalini hakukushuka sana nchini, na hiyo ni sifa kwa wakunga wetu na kwa mpango wa wakati huo wa Linda Mama, wa kujifungua bila malipo. Uchambuzi huohuo, hata hivyo, ulikuta kwamba sehemu ya wasichana wa umri mdogo katika vifo vya uzazi iliongezeka. Wastani wa taifa huficha saa za usiku, na huficha asiye na simu wala nauli.

Tangu 2013 hospitali za Meru na Embu ziko chini ya kaunti, ilhali amri za kufunga nchi hutoka Nairobi. Kwa hiyo kazi ya kuandika orodha ya muda wa kusubiri ni ya kaunti, na inaweza kufanywa sasa, wakati hakuna janga. Kila kliniki ijiandikie: mgonjwa wetu anaweza kuahirishwa kwa siku ngapi, na siku hizo zikiisha nani atampigia simu? Henia inaweza kuahirishwa miezi miwili. Ikinyongwa haingoji hadi asubuhi, na mwenye henia lazima ajue dalili hizo kabla hajarudishwa nyumbani. Kila wadi iwe na waendesha bodaboda wachache wenye vibali vya usiku, polisi wakiwajua kwa majina. Kila kaunti ijue itatoa wapi damu shule zikifungwa: misikitini, makanisani, sokoni. Nawe msomaji wa Majengo, ya Meru au ya Embu, mwakilishi wako wa wadi atakapofika kuomba kura, muulize orodha hiyo iko wapi. Kisha mwombe aibandike ukutani mwa zahanati, kwa Kiswahili, mahali ambapo mwenye bodaboda ataisoma.