Siku Moja Mengo: Mgeni, Lugha na Adabu za Mji

Ndugu wasomaji wetu wa Busia, Malaba, Mutukula na vijiji vyote vya mpakani, likizo zinapofika vijana wengi huchanga nauli na kufunga safari ya siku moja kwenda Kampala. Wengi wao hupenda kufika Mengo, kilima chenye makao makuu ya Ufalme wa Buganda. Safari hiyo ni njema, nasi tunaihimiza. Lakini yapo mambo ambayo mgeni hufaidika akiyajua mapema.

Kijana mmoja wa mpakani alitueleza yaliyompata. Alikwenda na rafiki zake watatu, wakapotezana karibu na ukuta wa Lubiri, ambalo ni jumba la Kabaka. Simu yake ilikuwa imezimika, na namba za wenzake zilikuwa humo humo. Akaanza kuwauliza wapita njia kwa Kiswahili alichozoea mpakani: “Wewe, kuja! Steji iko wapi?” Watu wakamkwepa. Alidhani wamemchukia kwa kuwa ni mgeni. Kumbe walisikia katika sauti yake jambo ambalo yeye hakulikusudia.

Jambo hilo lina historia. Tarehe 24 Mei 1966 askari wa serikali ya Milton Obote, wakiongozwa na Idi Amin, walilishambulia jumba la Mengo. Kabaka Mutesa wa Pili, aliyekuwa pia rais wa kwanza wa Uganda, aliponea chupuchupu, akafia uhamishoni London mwaka 1969. Falme zilifutwa mwaka 1967, na ufalme huu ukarejeshwa mwaka 1993. Katika miaka ya utawala wa Amin, watu walifungwa na kuteswa katika mahandaki yaliyomo ndani ya uwanja huo huo wa Lubiri.

Katika miaka hiyo yote, Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya amri kambini na kwenye vizuizi vya barabara. Mzee wa Mengo aliyekisikia mara ya kwanza kwa mtu mwenye bunduki hawezi kulaumiwa akishtuka anapokisikia tena kwa ukali. Sisi polisi tunalisema hili bila kuficha, kwa sababu sare zetu nazo zimo katika kumbukumbu hiyo. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi nchini. Hata hivyo, kibali cha serikali hakitoshi kuifanya lugha ipendwe. Hupendwa kwa adabu ya wanaoizungumza.

Basi, mgeni aanze kwa salamu. Asubuhi aseme “Wasuze otya nno,” na mchana “Osiibye otya nno,” akimwita mwanamume ssebo na mwanamke nnyabo. Ndipo aulize kwa Kiswahili cha upole, na mwisho ashukuru kwa “Weebale.” Kijana wetu alipomwamkia hivyo mama mmoja muuza ndizi, mama huyo aliacha biashara yake akamsindikiza hadi barabara kuu, na huko akawakuta wenzake wakimtafuta.

Yapo mengi ya kutazama. Lubiri ya Mengo ilianzishwa na Kabaka Mwanga mwaka 1885. Kutoka langoni mwake, barabara ya Kabaka Anjagala hunyooka kwa takriban maili moja hadi Bulange, ambako hukutana Lukiiko, baraza la Buganda. Kando ya barabara hiyo zipo sanamu za miiko ya koo za Baganda. Katikati pana mzunguko wenye njia iliyonyooka na geti lake: watu wote huzunguka, Kabaka peke yake hupita moja kwa moja. Si mbali na hapo lipo Ziwa la Kabaka, lililochimbwa kwa mikono ya watu kwa amri ya Mwanga. Lipeni kiingilio langoni, mdai risiti, na mvae mavazi ya staha. Mkifika kwenye mahandaki, kumbukeni kwamba mnasimama mahali watu walipofia.

Kabla ya kuondoka, kila mmoja abebe kitambulisho chake cha taifa au hati ya kusafiria. Aliyezoea kuvuka mpaka kwenda sokoni kwa kujulikana sura asidhani kwamba sura hiyo inajulikana Kampala. Andikeni namba za simu kwenye karatasi, na mchague mapema mahali pa kukutania mkipotezana. Kwenye bodaboda, vaeni kofia ngumu.

Mkipatwa na shida, pigeni 999 au 112, au mfike katika kituo chochote cha polisi. Na endapo mmoja wenu atakamatwa, jueni haki zake: aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, ndugu zake wajulishwe, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 48 asipoachiliwa. Dhamana ya polisi hailipiwi. Anayedai fedha kwa ajili yake anavunja sheria, hata akiwa amevaa sare yetu.

Tunawatakia safari njema. Mwendao wanne, mrudi wanne.