Mlima wa Ndani ya Nyumba

Mtu atokaye Muheza kwenda Amani kwa baisikeli hana taabu kubwa mwanzo wa safari yake. Lakini akiisha kupita Zigi, mlima huanza hasa. Njia hujipinda msituni, na kila pindo likiisha, jingine lipo mbele, hata afike Amani, palipo kama mita 900 juu ya bahari. Akiwa na mzigo wa unga nyuma yake, hushuka mara kwa mara akaisukuma baisikeli. Ukimwuliza sababu, atakujibu, "Miguu imechoka." Jibu lake ni kweli, lakini si kweli yote. Mwekee sikio kifuani: moyo wake wapiga kama ngoma.

Kwa nini moyo uende mbio, nayo kazi yafanywa na miguu? Misuli ifanyapo kazi hutaka oksijeni, iliyomo katika hewa tuivutayo, na mchukuzi wake ni damu. Mtu mzima akikaa kitako, moyo wake husukuma damu kama lita 5 kila dakika. Apandapo mlima, hizo hazitoshi. Huenda zikatakiwa 15, au 20, au zaidi. Basi moyo hauna budi kupiga upesi na kwa nguvu.

Nawe waweza kuyahesabu mapigo hayo. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, juu ya kifundo cha mkono, upande wa gumba. Usitumie gumba lenyewe, maana lina mshipa wake upigao, nao utakudanganya. Hesabu kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Mtu mzima aliyetulia hupata baina ya 60 na 100.

Sasa, mijini wako watu wapandao baisikeli ndani ya nyumba. Usicheke. Baisikeli hiyo imesimamishwa imara, haiendi popote, na gurudumu lake hukazwa likawa zito. Mpandaji wa Zigi hupimiwa kazi na mlima; huyu wa nyumbani hana mlima, hukaza mwenyewe apendavyo. Atajuaje kama kazi yake ni ndogo mno au kubwa mno? Huuliza moyo wake.

Hesabu itumiwayo sana ni kutoa umri katika 220. Mtu wa miaka 40 hupata 180, ndio ukomo wa mapigo yake kwa dakika. Kwa kazi ya kadiri hutafuta 90 hadi 126. Kwa kazi nzito, 126 hadi 153. Lakini hayo ni makisio tu. Watu wawili wa umri mmoja waweza kuachana kwa mapigo 20. Tena baadhi ya dawa za shinikizo la damu hupunguza mwendo wa moyo, na mgonjwa azinywaye akiifukuzia hesabu hiyo aweza kujidhuru. Huyo na amwulize daktari kwanza. Na aonaye kizunguzungu au maumivu ya kifua ashuke mara moja, hesabu iwe yoyote. Wala kanuni hii haikufanywa kwa watoto: mtoto wa miaka 10 na kijana wa 15 ukomo wao ni karibu sawa, kama 200.

Kipimo kingine hakitaki saa. Katika kazi ya kadiri mtu aweza kuzungumza, lakini kuimba hawezi. Katika kazi nzito husema maneno machache tu, kisha hutweta. Yule wa Zigi hukitumia bila kufundishwa. Husimama penye pindo, akaiegemeza baisikeli yake. Pumzi zikimrudia hata aweze kumwamkia apitaye, hupanda tena.