Jinsi ya kunasa wadudu wa msimu katika kisiwa cha Animal Crossing

MCHEZO wa video wa Animal Crossing: New Horizons, uliotolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mnamo Machi 20, 2020, humpa mchezaji kisiwa na hema, kisha humwacha ajitengenezee wavu na kuishi apendavyo. Hamna adui wa kupigwa wala ngome ya kutekwa. Hata hivyo, umo mtihani mmoja ambao umewafanya wengi kukesha: kuwanasa wadudu wa aina zote 80, kila mmoja kwa msimu wake.

Ugumu wenyewe unatokana na saa. Mchezo huu hufuata saa na kalenda ya mtambo unaochezewa, hivi kwamba usiku ukiingia sebuleni kwako, kisiwani nako huwa kumekuchwa. Vimulimuli, kwa mfano, huonekana mwezi mmoja tu katika mwaka, tena kuanzia saa moja jioni. Anayeukosa mwezi huo hana budi kusubiri miezi 11.

Mwanzoni kabisa, mchezaji huulizwa iwapo kisiwa chake kiwe katika Kizio cha Kaskazini au cha Kusini. Swali hilo halimsumbui mtoto wa Tokyo wala wa Sydney. Kwetu sisi, ambao Ikweta inaikata nchi yetu katikati, ni kitendawili. Jibu halibadilishwi baadaye, ila kwa kukifuta kisiwa kizima na kuanza upya. Anayechagua Kaskazini atawapata vimulimuli mwezi Juni, ilhali wa Kusini atawapata Desemba.

Kwa maoni yangu, Mkenya atafaidi zaidi akichagua Kusini. Theluji ya kisiwani itaanguka Juni hadi Agosti, wakati ambapo wakazi wa Limuru nao hujifunika mablanketi. Aidha, kiangazi chenye wadudu tele kitaanza Desemba, wanafunzi wakiwa katika likizo ndefu.

Kalenda hiyo imetokana na mazingira ya Japani, ambako watoto hutoka na nyavu wakati wa likizo ya kiangazi kuwasaka nyenje na mbawakawa wenye pembe. Ndiyo maana nyenje wa mchezo huu hulia miezi miwili tu, Julai na Agosti, kwa kisiwa cha Kaskazini. Wadudu wetu huamshwa zaidi na mvua. Mtoto wa Kakamega anayengoja kumbikumbi hatazami tarehe, hutazama mawingu. Kisiwani mvua ina kazi ndogo zaidi, ingawa konokono, ambaye mchezo humhesabu miongoni mwa wadudu, hutoka juu ya mawe inaponyesha.

Mdudu anayeogopwa kuliko wote ni tarantula, yule buibui mkubwa mwenye manyoya. Hutembea kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, na huuzwa kwa sarafu 8,000 za mchezo, ziitwazo Bells. Kisiwa cha Kusini humwona Mei hadi Oktoba. Miezi inayosalia huwa zamu ya nge, mwenye bei na ukali uo huo. Anayemkimbilia huumwa, akazimia na kujikuta nje ya nyumba yake. Dawa ni kunyata. Bonyeza kitufe cha wavu bila kukiachilia ili usogee polepole, na punde anapoinua miguu ya mbele, simama papo hapo. Akiishusha, piga hatua nyingine. Ukishamkaribia vya kutosha, achilia kitufe na wavu utamwangukia.

Nyigu nao hukaa mitini, na kila siku huwa kuna miti mitano yenye viota. Usitikise mti mikono mitupu. Shika wavu kwanza, simama mbele ya mti, kisha utikise. Kiota kikianguka, geuka na upige.

Wengine huhitaji maarifa kuliko ujasiri. Sisimizi hufuata tanipu zilizooza na nzi hufuata takataka. Dundu, ambaye vijijini hufingirisha mavi ya ng'ombe, hapa hufingirisha mpira wa theluji, kwa hivyo ukiisukuma mipira yote ya theluji hadi ikavunjika, umejinyima sarafu 3,000. Mbawakawa aitwaye Horned Hercules, wa sarafu 12,000, hupanda minazi Januari na Februari katika visiwa vya Kusini, kati ya saa kumi na moja jioni na saa mbili asubuhi.

Wa kwanza wa kila aina mpelekee Blathers, bundi mwenye makumbusho, ambaye ajabu yake ni kwamba huwachukia wadudu. Wanaozidi waweke hadi atakapozuru Flick, kinyonga anayewanunua kwa bei ya kawaida na nusu yake juu.

Wapo wanaosogeza mbele saa ya mtambo ili msimu uwajie upesi. Mchezo hauwazuii, lakini tanipu walizoweka akiba zaweza kuoza. Njia ya haki ni kumtembelea kupitia intaneti rafiki mwenye kisiwa cha kizio kingine. Wadudu utakaowanasa huko huhesabiwa kuwa wako, na Blathers atawapokea.

Anayewamaliza wote 80 hupewa maelezo ya kutengeneza wavu wa dhahabu. Wavu huo nao, ukitumiwa sana, huvunjika.