Dawa Isiachwe Kimya Kimya

Katika maradhi ya multipo sklerosisi, kinga ya mwili huushambulia utando wa mishipa ya fahamu. Dawa ya kumeza ya dimethili fumarati, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013, hupunguza mashambulizi hayo. Lakini huweza kuleta joto la ghafla usoni, maumivu ya tumbo na kuharisha, hasa mwezi wa kwanza. Tumwonapo mgonjwa wetu akitaabika, tusimwache aitupe kwa siri. Kuimeza pamoja na chakula hupunguza udhia. Kipimo cha damu nacho kisipuuzwe, kwani chembe nyeupe huweza kushuka. Na kwa kuwa humezwa mara mbili kwa siku, tumuulize daktari kabla ya Ramadhani: je, daku na futari zatosha, au mgonjwa aitumie rukhsa ya kutofunga?