Maradhi ya Utumbo na Hatari ya Kiharusi

Kiharusi hutokea damu inaposhindwa kufika sehemu fulani ya ubongo, ama kwa kuwa mshipa umezibwa na bonge la damu, ama kwa kuwa umepasuka. Visababishi vinavyotajwa kila siku ni presha, kisukari, sigara na umri. Kimoja husahaulika: mchochota sugu wa utumbo, yaani ukuta wa utumbo kuvimba, kuwa mwekundu na kuchubuka kwa miaka mingi bila kuwapo mdudu wa kulaumiwa. Maradhi makuu ya kundi hilo ni mawili. Koliti ya vidonda hukaa kwenye utumbo mpana na puru. Ugonjwa wa Crohn, ulioelezwa na madaktari wa New York mwaka 1932, unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa.

Tumbo na ubongo hukutana kwenye damu. Utumbo wenye mchochota huuweka mwili wote katika hali ya vita: protini za kugandisha damu huongezeka, chembe sahani huwa nyingi na hunata kwa urahisi, na ukuta wa ndani wa mishipa hudhurika. Ugonjwa unapochachamaa mgonjwa huharisha mara nyingi kwa siku, akapoteza maji na damu. Upungufu wa damu unaotokana na kukosa madini ya chuma nao huongeza uwezekano wa damu kuganda. Mara chache bonge hutokea kwenye vena zinazotoa damu kichwani. Aina hiyo ya kiharusi huwapata hata vijana, na mara nyingi huanza na maumivu ya kichwa yasiyotulia kwa dawa, wakati mwingine na degedege, kabla ya kiungo chochote kulegea.

Kipimo kizuri cha hatari hii kilipatikana Sweden. Watafiti wa Taasisi ya Karolinska, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2023, walipitia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 85,000 waliogundulika kati ya 1969 na 2019, wakawalinganisha na watu karibu 407,000 wasio na maradhi hayo. Hatari ya kiharusi kwa wagonjwa ilikuwa juu kwa asilimia 13, na haikushuka hata miaka 25 baada ya ugonjwa kugundulika. Iliyoongezeka ni hatari ya kiharusi cha mshipa kuziba. Cha mshipa kupasuka hakikuonyesha tofauti. Kwa hesabu nyingine, katika kila wagonjwa 93 waliofuatiliwa kwa miaka 25, mmoja alipata kiharusi cha ziada kinachohusishwa na ugonjwa wake wa utumbo. Ni nyongeza ndogo, na peke yake haipaswi kumnyima mtu usingizi. Uzito wake hutegemea hatari nyingine alizonazo mtu huyo tayari.

Ilala, jijini Dar es Salaam, hatari hizo zipo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000, uliowapima watu wazima wa Ilala na wa kijiji cha Shari mkoani Kilimanjaro, ulikuta presha ya juu kwa takriban watu 3 kati ya 10. Miongoni mwao, wasiofika asilimia 20 ndio waliojua kuwa wana presha, asilimia 10 hivi walikuwa kwenye dawa, na ambao presha yao ilikuwa imeshushwa hadi kiwango salama hawakufika asilimia 1. Mradi mwingine ulihesabu viharusi katika wilaya ya Hai, mkoani humohumo Kilimanjaro, na Dar es Salaam kuanzia Juni 2003 hadi Juni 2006. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Dar es Salaam ilikuwa na viharusi karibu 316 kwa mwaka kwa kila watu 100,000, na Hai karibu 109. Idadi hiyo ya jijini ni miongoni mwa kubwa zilizowahi kuandikwa duniani, na inastahili kujulikana kuliko inavyojulikana. Sehemu ya mradi huohuo iliyochapishwa mwaka 2013 ilionyesha kwamba maambukizi ya VVU nayo yalikwenda pamoja na kiharusi. Hapo pia mchochota wa muda mrefu ndani ya damu na mishipa unahesabiwa kuwa mojawapo ya sababu.

Mchochota wa utumbo kwa muda mrefu ulidhaniwa si ugonjwa wa Afrika. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda kuanzia 1946 hadi 1966, alieleza kuwa maradhi kama hayo yalikuwa adimu kwa wenyeji, akahusisha jambo hilo na vyakula vyenye makapi mengi. Uadimu huo ulikuwa wa kweli kwa kiasi kikubwa, lakini umewaachia wengi mazoea ya kutoutafuta ugonjwa huu kabisa. Anayeharisha damu Kariakoo, eneo la soko hapa Ilala, huanzia duka la dawa. Hutoka na bahasha ndogo ya kaki iliyoandikwa 1×3, ndani yake vidonge vya metronidazole, kwa sababu kuhara damu hapa huitwa amiba. Mara nyingi ni amiba kweli, au bakteria, au kichocho cha tumbo kwa aliyetoka Kanda ya Ziwa, au kifua kikuu cha utumbo, ambacho hufanana sana na Crohn. Ubaya huanza bahasha ya tatu na ya nne zinapofuata bila kipimo. Kutofautisha maradhi haya kunahitaji kinyesi kipimwe, kisha kamera ipitishwe kwenye utumbo mpana na kinyama kikatwe kwa uchunguzi, huduma inayopatikana Muhimbili, Upanga.

Maisha ya sokoni huongeza mzigo. Muuzaji wa Mtaa wa Kongo mwenye tumbo la kuharisha hujinyima maji kutwa nzima ili asiache meza yake kwenda choo cha kulipia, na joto la Februari humkausha zaidi. Mbeba mizigo mwenye mgongo unaouma hununua diklofenaki, dawa inayoweza kuamsha mchochota wa utumbo na kupandisha presha kwa wakati mmoja. Hata prednisolone, inayotuliza utumbo vizuri, hupandisha presha na sukari ikitumiwa muda mrefu, na haifai kukatishwa ghafla bila daktari.

Kiharusi chenyewe kinapotokea, muda hupotea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta wengi Dar es Salaam wakikihusisha na majini na uchawi na kuanzia kwa waganga, ilhali watu wa Hai walitaja zaidi presha na kuanzia hospitali. Dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya CT scan kuthibitisha kuwa mshipa haujapasuka.

Mtu anayeharisha damu kwa wiki kadhaa, au ambaye damu hurudi kila amalizapo dozi, aende Mnazi Mmoja, Amana au kituo chochote cha afya, aombe vipimo vya tumbo, na presha yake ipimwe siku hiyohiyo. Aliyekwisha kugundulika ashike dawa zake, anywe maji, aache sigara. Uso ukipinda, mkono ukikosa nguvu au ulimi ukiwa mzito, ndugu waangalie saa, wampeleke hospitali papo hapo, na wamweleze daktari kwamba mgonjwa ana maradhi ya utumbo.