Lugha ya Wadachi na Vijana wa Kariakoo

Apitaye Mtaa wa Kongo, Kariakoo, kabla jua halijawa kali, wakati wachukuzi wangali wakishusha marobota na wenye maduka wangali wakifungua milango, atasikia Kiswahili cha kila mkoa, na Kichina kidogo cha kutajia bei. Mimi majuma machache yaliyopita nilisikia Kijerumani. Kijana mmoja auzaye kava za simu alikuwa amesimama nyuma ya meza yake, daftari mkononi, akisoma kwa sauti ya chini: der Tisch, die Tür, das Fenster. Meza, mlango, dirisha. Aliponiona alidhani ni mteja, akalificha daftari chini ya bidhaa.

"Shikamoo, mzee. Karibu, kava za aina zote zipo."

"Marahaba. Sitaki kava. Nionyeshe hilo daftari, mwanangu."

Akanionyesha kwa haya. Husoma jioni mara mbili kwa juma, baada ya kufunga biashara, yeye na wenzake watano, katika chumba cha ghorofani si mbali na hapo. Ataka kufanya mtihani wa hatua ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu, hata afike Ujerumani kujifunza uuguzi huku akilipwa. Nilipomwuliza kwa nini ajitese kwa njia ndefu hivyo, akanyamaza kidogo, ndipo akanieleza habari za dada yake. Dada huyo ni mwuguzi mwenye cheti. Mwaka juzi alimpa dalali mmoja fedha zote zilizotokana na kiwanja cha marehemu baba yao, akaambiwa lugha si lazima, ataifundishwa huko huko. Leo kiwanja hakipo, dalali hapatikani kwa simu, na dada amerudi zahanati ile ile aliyoiaga kwa sherehe.

Ndugu wasomaji, kwa ajili ya kisa hicho naona yafaa tulizungumze jambo hili waziwazi, maana si la kijana mmoja. Wapo wengi mjini hapa wenye madaftari ya namna ile.

Kwanza, tukumbuke kwamba baina yetu na lugha hiyo kuna historia. Wazee wetu waliwaita wenyewe Wadachi. Mwaka 1891 waliifanya Dar es Salaam kuwa makao makuu ya utawala wao, wakajenga hospitali ya Ocean Road na yale makanisa mawili yatazamayo bandari. Katika vinywa vyetu waliacha maneno machache mno, na mawili kati yake twayatumia kila siku: shule, na hela. Ajabu ni kwamba wao ndio waliojifunza lugha yetu kwa wingi. Chuo cha lugha za Mashariki kilifunguliwa Berlin mwaka 1887, na Kiswahili kilifundishwa humo kwa wale waliokuwa wakija kututawala. Barua nyingi za bomani ziliandikwa kwa Kiswahili. Shule ya serikali ya Tanga ilifundisha kwa Kiswahili, na kuanzia mwaka 1904 ikachapa gazeti la Kiongozi kwa Kiswahili. Mdachi, pamoja na kiboko chake, alilazimika kuketi darasani kwa ajili ya lugha ya mtawaliwa. Leo chombo kimegeuza tanga, na aketiye darasani ni sisi.

Lakini wapo wenzetu waliotangulia. Bibi Salma binti Said wa Unguja, aliyehamia Hamburg mwaka 1867 na kuitwa Emily Ruete, alijifunza Kijerumani hata akaandika kitabu cha maisha yake kwa lugha hiyo, kikatoka mwaka 1886. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pwani ya Bagamoyo, alifundisha Kiswahili katika chuo kile cha Berlin tangu mwaka 1900, na maandishi ya Desturi za Waswahili yaliyochapwa mwaka 1903 kwa sehemu kubwa ni kazi ya kalamu yake, ingawa jina kubwa juu ya jalada lilikuwa la Velten. Huko Berlin alioa mke Mjerumani. Mwaka 1905 alipotaka kurudi nyumbani pamoja na mkewe, serikali ya Kidachi iliwakatalia kushuka katika bandari yetu hii ya Dar es Salaam, wakarudishwa Ulaya. Akafariki Berlin mwaka 1927 bila kuiona tena nchi yake.

Na yuko wa tatu, ambaye kijana wa Kariakoo yampasa amjue kuliko wote, maana alikuwa mtoto wa mji huu. Huyu ni Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, na ambaye Ujerumani walimwita Bayume Mohamed Husen. Baba yake alikuwa askari wa Wadachi. Vita vya mwaka 1914 vilipoanza, mtoto wa miaka kumi alikwenda vitani pamoja na babaye. Vita ile ile ambayo makuli wake, wapagazi wa jeshi la Kiingereza, ndio waliotuachia jina la Kariakoo. Baada ya vita Mahjub alifanya kazi ya utumishi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin. Jambo la kwanza alilofanya ni kudai mshahara wake na wa babaye, ambao ulikuwa haujalipwa tangu vitani. Akaambiwa amechelewa.

Hakurudi. Alikuwa mhudumu katika nyumba ya starehe iliyoitwa Haus Vaterland. Alifundisha Kiswahili chuoni kwa ujira mdogo. Aliigiza katika sinema, mara nyingi nafasi ya mtumishi. Alioa, akazaa. Lugha aliijua. Aliomba hata nishani ya waliopigana vita, akanyimwa. Ilipofika zamani za Hitler, mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mweupe, akatiwa katika kambi ya Sachsenhausen, akafa humo tarehe 24 Novemba 1944. Tangu mwaka 2007 liko jiwe dogo lenye jina lake katika njia ya waendao kwa miguu, huko Berlin alikokaa.

Simtaji mtu huyu ili kumtisha kijana mwenye daftari. Ujerumani ya leo si ile ya Hitler; ina katiba, mahakama na vyama vya wafanyakazi, na tarehe 1 Novemba 2023 Rais wake, Ndugu Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha kwa yale yaliyotendwa wakati wa Maji Maji. Namtaja kwa sababu yeye alidhani kwamba kuijua lugha na kutumika kwa uaminifu kwatosha kumpa mtu haki. Haikutosha. Haki ya mfanyakazi hukaa katika sheria na katika mkataba ulioandikwa, na faida kubwa ya lugha ni kwamba mtu aweza kuusoma mkataba huo mwenyewe, bila kusomewa na dalali.

Sasa tuje kwenye lugha yenyewe. Katika shule ya misheni niliyosoma kusini alikuwapo padre mmoja Mjerumani, mzee sana, ambaye alituamuru kunyamaza kwa neno moja tu, "Ruhe!", nasi tuliamini kwamba lugha yote ni ukali wa namna hiyo. Nilipokua niligundua kwamba sivyo. Mswahili ana faida ambayo Mwingereza hana. Kijerumani kina jinsia tatu za majina, nazo huwasumbua watu mpaka walie. Lakini sisi tuliolelewa katika ngeli, tusemao kiti hiki, mti huu, nyumba hii, tutababaishwaje na mambo matatu? Kweli, hayana mantiki: msichana, das Mädchen, si wa kike wala wa kiume katika sarufi yao. Twaona ajabu, twakariri, twaendelea. Herufi karibu zote husomwa kama zilivyoandikwa. Kigumu ni mpangilio wa maneno. Katika sentensi nyingi kitendo hubaki mwisho kabisa, msikilizaji akangoja ajue kama mtu alikwenda, alikataa au alikufa. Hesabu nazo hugeuzwa: ishirini na moja kwao ni moja na ishirini. Muuza kava asipojihadhari atarudisha chenji ya mwaka mzima.

Safari hii si ya mwezi mmoja, na hapa ndipo madalali wanaposema uongo. Taasisi ya Goethe, ambayo ina nyumba yake Upanga katika Barabara ya Alykhan, yakadiria kwamba mwanafunzi aanzaye bila kitu hufika hatua ya B1 baada ya vipindi 350 hadi 650 vya dakika 45. Asomaye vipindi vinane kwa juma atatumia karibu mwaka mzima kwa uchache, au zaidi ya mwaka na nusu. Na mtihani wa B1 una sehemu nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kusema. Kila moja yataka alama 60 katika 100. Atakayekuambia atakutafutia cheti bila mtihani, anakuuzia karatasi.

Mahitaji hutofautiana kwa kila mlango. Atakaye uanagenzi wa uuguzi, ambao huchukua miaka mitatu, kwa kawaida huombwa B1. Naye hulipwa, na katika hospitali za umma malipo ya mwaka wa kwanza yalikuwa zaidi ya euro 1,300 kwa mwezi, kabla ya makato, mwaka 2024. Mwuguzi aliyekwisha kuhitimu hapa, kama yule dada, kwa kawaida hufika B2, na cheti chake sharti kipimwe na kutambuliwa na mamlaka ya huko. Wengi huongezewa mafunzo au mtihani. Mwanafunzi wa chuo kikuu kinachofundisha kwa Kijerumani hupanda zaidi, mpaka C1. Vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, ila jimbo la Baden-Württemberg tangu mwaka 2017 huwatoza watokao nje ya Ulaya euro 1,500 kila muhula. Lakini ada si mzigo wote. Tangu Septemba 2024 mwombaji asiye na ufadhili hutakiwa kuonyesha euro 11,904 za matumizi ya mwaka mmoja, zilizowekwa katika akaunti ambayo humfungulia kidogo kidogo kila mwezi. Kwa fedha zetu ni zaidi ya shilingi milioni 30. Uko pia ule mpango wa kutafuta kazi ulioanza Juni 2024, uitwao Chancenkarte, kwa aliyesomea kazi yake angalau miaka miwili. Huo hukubali hata A1, lakini mtu huhesabiwa alama na kuulizwa atakula nini akitafuta kazi.

Kwa nini wafungua milango? Kwa sababu wamezeeka. Mwaka 2021 taasisi ya utafiti wa ajira ya Nürnberg ilikadiria kwamba nchi hiyo yahitaji watu 400,000 zaidi kila mwaka kutoka nje ili nguvu-kazi isipungue. Si ukarimu, ni haja. Na mwenye haja aweza kuzungumzwa naye bila kumpigia magoti.

Jirani zetu wa Kenya walilitambua hilo. Tarehe 13 Septemba 2024 Rais Ruto na Kansela Scholz walishuhudia huko Berlin kutiwa sahihi kwa mapatano ya uhamiaji na kazi. Na mara, kabla wino haujakauka, ikaenea habari kwamba Wakenya 250,000 watapokewa. Serikali ya Ujerumani ikakanusha: mapatano hayakutaja idadi yoyote, na kila mwombaji angepimwa kwa sifa zake. Lakini uvumi hupanda basi kabla ya kanusho kuamka. Hapa Kariakoo nimeonyeshwa ujumbe wa simu uliorudia idadi ile ile, ukadai kwamba ni ya Watanzania, na chini yake namba ya kutumia fedha.

Wapo wenzetu chamani waulizao: je, ni halali kwa taifa kuwasomesha wauguzi kwa kodi ya mkulima kisha wakawahudumie wazee wa Hamburg? Swali ni la haki, wala silipuuzi, maana nimeona zahanati yenye mwuguzi mmoja na foleni mpaka uani. Hata hivyo sikubali jibu la kumfungia kijana mlango. Mkoloni ndiye aliyekuwa akiamua nani apande meli na nani asishuke bandarini. Jibu la kweli ni kwamba Serikali zipatane, na katika mapatano hayo anayenufaika na muuguzi wetu achangie vyuo vyetu. Zanzibar ya mwaka 1964 ilipofanya urafiki na Ujerumani ya Mashariki, ilipata majumba ya Kilimani na Michenzani pamoja na nafasi za masomo; kila mmoja alijua anatoa nini na anapata nini.

Kwa atakayekwenda, nasema machache. Atumie wakala aliyesajiliwa Serikalini, au aulize kwanza Serikalini kwenyewe. Asikabidhi pasi yake kwa mtu. Mshahara, saa na likizo viwe katika maandishi ya Kijerumani ambayo ameyasoma mwenyewe. Akifika, ajiunge na chama cha wafanyakazi kama vile angejiunga hapa. Na kama amedhulumiwa, iko huduma iitwayo Faire Integration, itoayo ushauri wa bure kwa wafanyakazi watokao nje ya Umoja wa Ulaya. Mahjub hakuwa na pa kwenda.

Juzi nilipita tena Mtaa wa Kongo. Daftari halikufichwa. Pembeni yake aliketi mwanamke wa makamo, mwenye sare ya zahanati ndani ya mkoba, naye anarudia maneno baada ya mdogo wake: meza, mlango, dirisha. Ameanza upya, kwa hatua ya kwanza. Nikauliza kama wamesharipoti habari za dalali. Wamekwenda polisi mara mbili, wakapewa namba ya jalada, na mtihani wa kijana ni mwezi ujao.